Nyumba ya urithi Temeke: tuikarabati, tugeuze vyumba viwe masta, au tuibomoe?

Baba alijenga nyumba hii miaka ya sabini, Temeke, wakati mtaani kwetu miembe ilikuwa mingi kuliko majirani. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, baraza mbele, na uani kuna banda la vyumba viwili, jiko, bafu na choo cha shimo. Aliyekulia Dar es Salaam anaijua ramani hii hata umeme ukikatika. Baba alipofariki tulibaki watoto wanne na mama, na kila mmoja akawa na nyumba yake kichwani. Kaka mkubwa alitaka tubomoe tujenge ghorofa. Dada alitaka tugeuze vyumba viwe masta, choo ndani, kila mpangaji na LUKU yake, yaani mita yake ya umeme wa kulipia kabla. Mama alisema tubadilishe bati.

Mimi nikapewa daftari. Kwa miezi miwili nilizunguka kwenye maduka ya vifaa, nikawaita mafundi mmoja mmoja, nikakaa barazani na wapangaji wetu na wa nyumba za jirani. Bei ninazoandika hapa ni zile nilizopewa mtaani kwetu, nimezizungusha ili hesabu isomeke kwa urahisi. Mbeya, Tanga au Mombasa zitakuwa nyingine kabisa, na hata Dar zitabadilika. Weka zako. Ninachotaka ukichukue ni namna ya kuhesabu, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi huumia.

Pango lote si faida ya ukarabati

Kaka alipiga hesabu hivi: apatimenti sita kwa laki nne kila moja ni milioni mbili na laki nne kwa mwezi. Nyumba ya sasa inatoa laki tatu. Akaweka kalamu chini kana kwamba kesi imekwisha.

Tatizo ni kwamba zile laki tatu tunazo tayari. Tukiamua kutogusa chochote, zinaendelea kuingia. Kwa hiyo fedha tutakayotumia haipaswi kusifiwa kwa pango lote litakalokuja. Isifiwe kwa lile lililoongezeka tu. Ukishalijua ongezeko la mwaka mzima, gawa gharama kwa ongezeko hilo, upate miaka ambayo nyumba itachukua kukurudishia fedha yako.

Hali yetu ilikuwa hii: vyumba vinane, kila kimoja Sh 50,000 kwa mwezi. Viwili vilikuwa vitupu kwa sababu ya kuvuja, basi tunapokea Sh 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na kila chaguo nimelipima kutoka hapo. Pia sikuhesabu miezi 12 kwa nyumba yoyote iliyotengenezwa. Nilihesabu 11, maana mpangaji huhama, chumba hupakwa rangi, dalali huzunguka na watu, na mwezi huwa umeshapita.

Kabla ya bei yoyote, gusa kuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hesabu zetu za kwanza zilipokufa.

Nyumba nyingi za zamani za Dar zina sura ya saruji na mwili wa udongo. Zilijengwa kwa miti na udongo, kisha mwenye nyumba alipopata hela akapiga plasta ya saruji juu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na nyumba ya tofali. Chukua msumari mrefu, nenda kwenye kona iliyobanduka nyuma ya mlango, chimba sentimita tatu au nne. Ukitoka unga mwekundu na kipande cha mti, wazo la kuingiza mabomba ya maji ndani ya vyumba liweke pembeni. Bomba moja likivuja ndani ya ukuta wa udongo, ukuta wote hulainika kutokea chini. Kwetu vyumba sita vya mbele ni vya tofali za saruji, lakini banda la uani ukuta mmoja ulikuwa wa udongo. Hakuna aliyejua isipokuwa mama, na hakuna aliyemuuliza.

Cha pili ni chumvi. Ile rangi inayobanduka kama magamba mpaka usawa wa kiuno haibanduki kwa ubaya wa rangi. Unyevu unapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi wa zamani haukuwekewa cha kuuzuia, na pengine mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi ya pwani. Kupaka rangi juu yake ni kutupa fedha, masika moja tu inarudi. Plasta ya chini inabidi ivunjwe mpaka juu kidogo ya alama ya unyevu, ukuta uachwe ukauke, kisha ipigwe plasta mpya iliyochanganywa dawa ya kuzuia maji. Fundi anayekuambia anaweza kupaka siku hiyo hiyo hajali hela yako.

Juu, panda uone kenchi na papi, zile mbao zinazobeba bati, mwenyewe, au mtume kijana akupigie picha kwa simu. Mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha ganda. Gonga kwa nyundo: mti mzima hulia, ulioliwa hutoa sauti ya kadibodi. Kwenye umeme, angalia kama waya umepitishwa kwenye mabomba au umepigiliwa tu ukutani, na hesabu ni vyumba vingapi vinatumia saketi moja. Nyumba iliyofungwa waya kwa ajili ya taa sita na redio, leo ina friji nne, pasi nane na majiko ya umeme.

La mwisho ni shimo la choo, na hili ndilo watu husahau kuliko yote. Uliza lilijengwa lini, lina kina gani, na gari la majitaka hulinyonya mara ngapi kwa mwaka. Kama linajaa sasa, wakati watu wanamwaga maji ya ndoo, litakuwaje siku choo kitakapoanza kuflashi? Ndugu yetu mmoja aligeuza vyumba viwe masta huko Mbagala bila kugusa shimo. Vyumba vilipendeza. Mwezi wa tatu maji machafu yalirudi kupitia bafu la chumba cha mbele, na wapangaji wawili waliondoka na kodi yao ya miezi iliyobaki. Ilibidi avunje taili alizoweka juzi ili apitishe bomba kubwa zaidi.

Chaguo la kwanza: kukarabati, vyumba vibaki kama vilivyo

Hili ndilo la mama. Paa jipya, waya mpya, kutibu chumvi na kupaka rangi, na uani kujenga upya vyoo viwili na bafu mbili zenye milango inayofungwa.

Paa lilikuja milioni 4: bati kama sabini za geji 28, kofia, misumari, mbao za kubadilisha zilizoliwa, na ujira wa fundi. Umeme milioni 1.2. Plasta na rangi milioni 1.5. Vyoo, bafu na shimo milioni 2.3. Jumla milioni 9. Nikaongeza asilimia 15 ya dharura, ikawa Sh 10,350,000.

Wapangaji hawahami. Paa hufunguliwa upande mmoja kwa siku chache nje ya msimu wa mvua, watu wakisogeza vitanda upande wa pili. Baada ya hapo vyumba vyote vinane vinapangishika, na mtaani chumba kikavu chenye umeme salama na choo kisafi kinakwenda Sh 65,000. Hiyo ni Sh 520,000 kwa mwezi, kwa miezi 11 milioni 5.72. Ongezeko ni milioni 2.12 kwa mwaka. Fedha inarudi kabla miaka mitano haijatimia.

Angalia ongezeko lilikotoka. Zaidi ya nusu limetokana na vyumba viwili vilivyokuwa vitupu. Chumba kitupu kinachopangishwa huleta pango zima, chumba kilichopangishwa tayari huleta nyongeza ya elfu kumi na tano tu. Kwa hiyo nyumba yako ikiwa imejaa tayari, chaguo hili litarudisha polepole zaidi kuliko kwetu, na usije ukanakili miaka yangu mitano.

Chaguo la pili: masta

Vyumba vya zamani vina takriban mita tatu kwa tatu. Ukikata choo na bafu ndani ya chumba kama hicho, kinachobaki kinatosha kitanda na mlango. Njia inayofaa ni kutoa chumba cha kati kila upande wa korido, kukigawa mara mbili, na kila nusu kuwa choo, bafu na jiko dogo la chumba cha jirani. Vyumba sita vinakuwa masta nne. Banda la uani, baada ya kubomoa ule ukuta wa udongo na kuujenga kwa tofali, linakuwa chumba na sebule chenye choo chake. Kutoka wapangaji wanane unabaki na watano.

Gharama zilipangana hivi: paa lilelile milioni 4, umeme na mita tano milioni 2, vyoo na mabomba kwa nyumba tano milioni 8, shimo la septiki na la kunyonyea maji milioni 3.5, taili, dari, milango na madirisha ya alumini milioni 6.5, plasta na rangi milioni 3, simtanki na mnara wake na pampu milioni 1.5, mchoro na kibali laki tano. Milioni 29. Hapa dharura niliiweka asilimia 20, kwa sababu unavunja kuta ambazo hujawahi kuziona ndani. Wapangaji wote lazima wahame kwa miezi minne, hivyo tunapoteza milioni 1.2 za pango. Ukijumlisha yote unafika milioni 36.

Mapato: masta nne kwa Sh 150,000 na chumba na sebule kwa Sh 180,000, jumla Sh 780,000 kwa mwezi. Miezi 11 ni milioni 8.58. Ongezeko ni milioni 4.98 kwa mwaka, na fedha hurudi baada ya miaka saba na miezi kadhaa.

Faida zake si za pango peke yake. Ugomvi wa bili ya umeme, nani anapika kwa jiko la umeme na nani ana balbu moja, unaisha kila mtu akiwa na LUKU yake. Zamu ya kufagia choo inaisha. Mwenye nyumba anapigiwa simu kidogo usiku. Kwa mtu anayeishi mbali na nyumba yake, utulivu huo una thamani, na sitaki kuudharau.

Lakini maji sasa ni jukumu lako. Mpangaji wa chumba cha kawaida, DAWASA, watu wa maji, wakikata anabeba ndoo. Mpangaji wa masta anakupigia wewe. Tangi na pampu si mapambo.

Chaguo la tatu: kubomoa

Hapa sikuthubutu kukisia kwa kuuliza mafundi. Tulimlipa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa atupe makadirio ya jengo la ghorofa moja, apatimenti tatu chini na tatu juu, vyumba viwili kila moja. Alitupa milioni 210 pamoja na mhandisi, michoro na vibali. Tukiongeza pango la miezi 14 ya ujenzi, milioni 4.2, inakuwa milioni 214.2. Apatimenti sita kwa Sh 400,000 ni milioni 26.4 kwa miezi 11. Ongezeko ni milioni 22.8 kwa mwaka, na fedha hurudi baada ya miaka tisa na nusu kasoro.

Miezi 14 ni ya mtu aliyekuwa na fedha yote mkononi. Wengi wetu hujenga kwa kusimama na kuendelea, nondo zinachomoza juu miaka mitano, na katika miaka hiyo kiwanja hakiingizi hata shilingi. Hata serikali, ilipobomoa Magomeni Kota, kaya 644 zilisubiri miaka mingi mpaka majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Mama alilitaja hilo mwenyewe. Ana shoga yake aliyekuwa akiishi pale.

Zikiwekwa pamoja

| | Kukarabati | Masta | Kubomoa na kujenga |
|---|---|---|---|
| Gharama yote | 10,350,000 | 36,000,000 | 214,200,000 |
| Pango kwa mwaka | 5,720,000 | 8,580,000 | 26,400,000 |
| Ongezeko juu ya 3,600,000 | 2,120,000 | 4,980,000 | 22,800,000 |
| Miaka ya kurudisha | 4.9 | 7.2 | 9.4 |
| Nyumba haina wapangaji | hakuna | miezi 4 | miezi 14 |

Jedwali hili lilimfurahisha dada. Miaka saba si mibaya, akasema. Nami nilikubali mpaka nilipopanda ngazi moja moja badala ya kuruka kutoka chini.

Swali la kweli kwa masta si ongezeko juu ya nyumba mbovu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapendekeza tuiache mbovu. Swali ni: tukishajua kwamba milioni 10.35 zinatupa nyumba nzuri ya vyumba vinane, zile milioni 25.65 za ziada za kufikia masta zinaleta nini? Zinaleta milioni 2.86 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 11 na kidogo, na hurudi kwa miaka tisa. Kutoka masta kwenda ghorofa, milioni 178.2 za ziada zinaleta milioni 17.82, asilimia 10 kamili, miaka kumi.

Sasa fikiria fedha hiyo ingekuwa wapi kama isingekuwa ukutani. Hatifungani za serikali za miaka 20, yaani fedha unayoikopesha serikali ikulipe riba, zilikuwa zikilipa riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka kabla ya viwango kushushwa mwaka 2022 hadi karibu asilimia 12. Hazivuji, hazina mpangaji, hazihitaji fundi. Nyumba ina kitu ambacho hatifungani haina, pango hupanda na miaka na kiwanja hupanda thamani. Ila kiwanja kitapanda thamani ukiwa na bati jipya au ghorofa, hilo usilihesabu upande mmoja tu.

Na kama fedha ni ya mkopo, jambo linakuwa kali zaidi. Riba za mikopo ya benki hapa kwetu zimekuwa zikizunguka asilimia 15 na 16 kwa mwaka. Chukua milioni 210 kwa asilimia 16: riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 33.6. Apatimenti zote sita zikijaa zinatoa milioni 26.4. Yaani nyumba ikifanya kazi vizuri kabisa, bado watoto wa marehemu wanatoa zaidi ya milioni saba mifukoni kila mwaka kulipa riba tu, deni lenyewe halijaguswa, na hati ya nyumba iko benki. Nilipomwonyesha kaka mstari huu alinyamaza muda mrefu. Hakukasirika. Alikuwa amependa kumjengea baba jengo.

Pango la dalali na pango la mpangaji

Hesabu ya masta inasimama juu ya namba moja, Sh 150,000. Niliipata kwa dalali. Dalali husema bei anayoitamani, kwa sababu mwezi mmoja wa pango ni wake. Nilipokwenda kuuliza wapangaji wenyewe katika mitaa mitatu ya jirani, baadhi walikuwa wanalipa 120,000, na wawili waliniambia chumba kilikaa kitupu muda mrefu kabla hawajaingia.

Rudia hesabu kwa 120,000. Pango la mwaka linashuka hadi milioni 7.26. Zile milioni 25.65 za ziada sasa zinaleta milioni 1.54 tu, na miaka ya kuzirudisha inapanda kutoka tisa hadi karibu kumi na saba. Elfu thelathini kwa mwezi, miaka minane. Kwa upande wa ukarabati, chumba kikienda Sh 60,000 badala ya 65,000, miaka inasogea kutoka mitano hadi sita na kidogo. Chaguo dogo linavumilia makosa ya mwenye daftari, kubwa halivumilii, na mimi nilikuwa mwenye daftari kwa mara ya kwanza.

Kinyume chake pia ni kweli. Masta ikipangishwa mtaani kwako kwa 220,000, ngazi hiyo inarudi kwa miaka minne na kidogo, na hata ukipandisha bei ya vyumba vya kawaida ili uwe mwadilifu, bado ni haraka. Hapo nisingesita. Mitaa ya namna hiyo ipo, karibu na vyuo na ofisi. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kumwita fundi. Ni kupiga hodi kwenye nyumba kumi na kuuliza unalipa ngapi, ulilipa miezi mingapi kwa mkupuo, na nani alikuwa humu kabla yako.

Kwetu wanaotafuta vyumba ni vijana wa gereji na viwandani, mama lishe, wauzaji wa soko la Tandika, na wanafunzi wa chuo cha DUCE pale Chang'ombe wanaochangia chumba wawili wawili. Mpangaji wetu wa miaka mingi zaidi, mama mmoja anayekaanga maandazi barazani alfajiri, nilimuuliza angelipa ngapi chumba chake kikiwa na choo ndani.

"Baba, mimi sitaki kulala na choo," akaniambia. "Nataka bati lisivuje juu ya unga wangu, na mlango wa bafu uwe na komeo. Ukinipa hivyo, hata elfu sabini nakupa."

Sikumwandika elfu sabini kwenye daftari. Ila nilimwandika.

Mambo ya serikali na ya familia, kwa ufupi

Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, na inagusa machaguo yote sawasawa. Haibadilishi nani wa kwanza, inarefusha tu miaka: yale 4.9 yanakuwa 5.4. Kodi ya jengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, na ghorofa hutozwa kwa kila sakafu. Ukiweka mita tano kwenye nyumba moja, fuatilia ikatwe kwenye mita moja, la sivyo wapangaji watakulaumu kwa haki.

Kubomoa kuta na kuongeza vyoo kunahitaji kibali cha halmashauri. Kubadilisha bati chakavu ni jambo jepesi zaidi, lakini mtaarifu mtendaji wa mtaa, inakuepusha na maneno. Na nyumba ya urithi isiguswe kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi na warithi wote hawajasaini ni nani anatoa kiasi gani na atarudishiwaje. Sisi tuliandika kwamba anayechangia ukarabati anarudishiwa kwanza kutoka kwenye pango, kisha ndipo mgawo wa kawaida unaanza. Bila karatasi ile, yule aliyetoa bati angekuja kudai nyumba.

Kuna wenye nyumba wanaotumia kodi ya miezi sita au mwaka ya mpangaji mpya kufanyia ukarabati, au wanamwacha mpangaji atengeneze kisha anakatwa kwenye pango. Kwa vyumba viwili vilivyovuja tulifikiria hivyo. Inafaa kwa kazi ndogo yenye bei inayojulikana. Kwa paa sikuikubali, maana mpangaji atanunua bati jembamba, na ni haki yake, yeye anahama mwakani.

Tulichofanya

Tulichukua la mama, kwa badiliko moja. Wakati tunachimba shimo jipya la choo uani, tulilichimba kwa ukubwa wa nyumba ya masta nne na chumba na sebule, tukaweka chemba mbili za ziada zilizofungwa kwa zege na bomba la inchi nne mpaka kwenye ukuta wa chumba cha kati kila upande. Dharura yote ikaishia hapo, na sisi wanne tukachangishana milioni moja na laki mbili juu yake. Dada alilipa sehemu kubwa ya nyongeza hiyo kwa moyo wake. Siku pango la masta mtaani likipanda kiasi cha kustahili, hatutafukua uani tena wala kuvunja korido yote.

Paa lilifunguliwa wiki ya pili ya Januari, kabla ya masika. Upande wa kulia ulikuwa na kenchi mbili zilizoliwa zaidi ya tulivyoona, kushoto moja. Mama alikaa kwenye kiti chini ya mwembe uliobaki akihesabu bati moja moja zikishuka kwenye gari, kisha akahesabu tena zikipanda juu. Zilipungua tatu. Dereva alirudi nazo jioni.